Ziwa lisilo na mlango wa kutokea

Jumapili usiku, hosteli. Stima imerudi saa hii tu, kwa hivyo wacha niandike haraka kabla haijapotea tena.

Makomredi, hamjambo? Nilikuwa nimepanga kuwaandikia kuhusu mitihani na vile tunavyoteseka, lakini samaki wamenibadilishia mpango.

Ijumaa jioni mwenzangu wa chumba aliingia na ngege wanne wamefungwa kwa gazeti. Wakubwa, wamenona, na wote wanne mia mbili tu! Mnajua maisha ya huku mwezi ukienda kuisha: leo ugali na sukuma, kesho sukuma na ugali. Nikaanza kukata vitunguu hata kabla ya kuuliza. Halafu nikauliza.

"Wametoka wapi hawa?"

"Mjini. Huko chini kwa ziwa."

Nikaweka kisu chini.

Kwa nyinyi mnaosoma mkiwa mbali, sisi tuko upande wa Njoro. Mto Njoro unatoka juu kabisa, msitu wa Mau, unapita hapa karibu na sisi, unateremka hadi Nakuru na kuishia ziwani. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini kuna Menengai, na mji umekaa kwenye mteremko katikati ya mlima na ziwa. Sasa fikirieni mvua ikinyesha, kila kitu kinaelekea wapi? Chini. Na kutoka pale chini hakuna mto hata mmoja unaotoka kwenda mahali pengine. Maji yanapanda hewani kwa jua, lakini yale yaliyokuja na maji yanabaki: chumvi, sabuni, mafuta ya gari, risasi ya betri kuukuu. Ni kama nyumba yenye mlango wa kuingilia tu.

Ndiyo maana ile hoja ya watu wengi hunikera. Ati "kwani nani hunywa maji ya Ziwa Nakuru? Si ni ya magadi?" Kweli, hayanywewi. Lakini kwa sababu hayanywewi, tumejipa ruhusa ya kuyafanya pipa la taka.

Hebu tuhesabu. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 570,000 Nakuru mjini. Desemba 1, 2021, tukapewa hati ya jiji, tukacheza ngoma. Lakini ploti nyingi bado zinategemea vyoo vya shimo, bomba la majitaka halijafika. Yale majitaka yanayofika kwenye mitambo husafishwa, kisha mwisho wake ni ziwani. Jaa la taka la Gioto liko juu, kwenye mteremko wa Menengai, na mvua haiombi ruhusa kuteremsha uchafu. Ongeza gereji za jua kali, ongeza mbolea na dawa za mashamba. Halafu kuna Mau: mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki kwenye msitu wa hifadhi. Miti ikaenda, na udongo ukafuata mto.

Na sisi wasomi je? Mwaka wa kwanza maji yalipokatika wiki nzima, mimi mwenyewe nilifua blanketi mtoni na pakiti za sabuni nikaziacha pale pale kwenye mawe. Sikuwaza. Boda wanaosha pikipiki hapo kila siku, na sisi tunapita juu ya daraja tukienda kusikiliza somo la mazingira. Aibu.

Sasa nisiwadanganye, maana kuna mmoja wenu wa idara ya zuolojia atanirukia. Si kila shida ya ziwa ni uchafu. Heroe wengi hawakuhama kwa sababu ya taka peke yake. Kuanzia 2010 maji yameongezeka sana, ziwa likapanuka kutoka kama kilomita za mraba 40 hadi karibu 70. Magadi yakazimuliwa, na ule mwani wa kijani ambao heroe hula ukapungua. Ndege wakafuata chakula Bogoria na kwingineko. Vilevile, heroe walipokufa kwa maelfu miaka ya 1990, watafiti walikuta metali nzito, na baadaye wengine wakapata sumu zinazotengenezwa na sianobakteria wenyewe. Wataalamu hawakukubaliana juu ya sababu moja. Sawa.

Lakini huko kuongezeka kwa maji ndiko kunakofanya uchafu uwe jambo letu sasa hivi. Kwanza, zamani ziwa hili halikuwa na samaki wa asili. Wale wadogo waliletwa kutoka Magadi miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Magadi yalipopungua, ngege wakubwa wakapata pa kuishi, na watu wenye njaa wakawaona. Pili, maji yenyewe yamewafuata watu nyumbani. Kule Mwariki yaliingia kwenye nyumba, familia zikahama. Lango kuu la hifadhi nalo lilizama, likabidi lihamishwe. Yaani zile takataka tulizokuwa tunaziteremsha tukidhani tumeagana nazo, zimepanda zikabisha hodi.

Nilimweleza mwenzangu haya yote. Maofisa wameshaonya watu wasile samaki wa ziwa hili kwa sababu ya metali nzito. Akaniuliza, "Kwani wale wa mjini wanaokula kila siku wamekufa?" Swali zuri. Hawajafa. Risasi na zebaki haziui Ijumaa ukazikwa Jumatatu. Zinajilimbikiza polepole mwilini, na watoto ndio huumia zaidi. Kama ziwa tu: zinaingia, kutoka ni shida.

Msimamo wangu ni huu. Kumkimbiza mama anayeuza samaki kando ya barabara si dawa. Yeye anatafuta karo, na mteja wake anatafuta chakula cha bei anayoweza. Kama kweli tunajali, kwanza bomba la majitaka lifike mitaani kabla ya taa nyingine za kupendeza mjini. Pili, vipimo vya maji na samaki viwekwe wazi kila mwezi, kwa Kiswahili, kwenye stejini na sokoni, si kwenye ripoti inayosomwa na watu kumi. Tatu, sisi tuna maabara. Kila mwaka wanafunzi wanarudia majaribio yale yale ya kitabuni. Kwa nini tusichote maji ya Njoro hapa juu na kule chini, tukalinganisha, tukabandika matokeo? Tungewapa watu wa Mwariki kitu cha kushika mkononi wanapoenda kulalamika.

UNESCO waliliweka ziwa hili kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Dunia inalijua. Sisi tunaokaa juu yake ndio tunalimwagia.

Mnauliza wale ngege? Tuliwazika nyuma ya hosteli, maana nilikataa wapewe hata paka. Nimemrudishia mwenzangu mia moja, mia nyingine namlipa mkopo ukiingia. Bado hajaniongelesha vizuri. Jana tulikula sukuma.

Haya, stima inapepesa. Usiku mwema, na blanketi zenu fulieni mbali na mto.