Sharti Lililochelewa

Ndugu Waislamu, wapo baina yetu wanaodhani kuwa jumuiya huvunjwa na maadui zake tu. Nawaomba wakitazame chama cha Nuclear Disarmament Party cha Australia, chama kidogo cha mrengo wa kushoto kilichopinga silaha za nyuklia, kambi za kijeshi za kigeni na uchimbaji wa madini ya urani.

Kiliasisiwa Juni 1984. Ilipofika Desemba mwaka huo huo kilipata takriban asilimia 7 ya kura za Seneti, na Bibi Jo Vallentine wa Australia Magharibi akachaguliwa kuwa seneta. Mwanamuziki Peter Garrett, mgombea wake mashuhuri kuliko wote, alikikosa kiti cha New South Wales.

Aprili 1985 wanachama walikutana Melbourne. Baadhi yao walitaka watu wa vyama vingine wazuiwe, wakidai kuwa wafuasi wa Socialist Workers Party wanakiteka chama kutoka ndani. Mkutano ukakataa. Garrett, Vallentine na wenzao kadhaa wakatoka ukumbini wasirudi. Ilikuwa miezi kumi tu tangu kuasisiwa!

Sisemi kuwa waliotuhumiwa walikuwa wanafiki, Allah (S.W.) ndiye Mjuzi wa yaliyomo vifuani, na huenda wengi wao walikuwa na ikhlasi kuwashinda waliowatuhumu. Kosa naliona kwingine. Sharti la uanachama lilijadiliwa baada ya watu kugombana, wakati kila neno la sharti hilo lilikwisha kuwa na jina la mtu nyuma yake. Hapo shura hugeuka kesi.

Mwaka 1987 chama kilipata seneta mwingine, Robert Wood, lakini mwaka uliofuata mahakama ikamwengua kwa kuwa hakuwa raia. Vallentine aliishia katika chama cha Kijani. Ama Garrett, alijiunga na chama cha Labor, na mwaka 2009, akiwa waziri wa mazingira, akaidhinisha mgodi wa urani wa Four Mile.

Nayaeleza haya kwa sababu katika harakati yetu limeletwa pendekezo la kuwaondoa ndugu wenye uanachama katika jumuiya nyingine. Mimi naunga mkono sharti hilo liandikwe, tena liandikwe sasa, kwa watakaojiunga kuanzia leo. Ama hawa tulionao, tuliwapokea kwa mikono miwili tukijua wanatoka wapi, na michango yao tumeila. Siioni haki ya kuwatoa.