ELIMU HAINA MWISHO: Mwendo wa Risasi Hupimwaje?

Mlenga shabaha apigaye kibao kilichoko mita 1,000 hawezi kulitegemea jicho peke yake. Risasi huanza kuanguka mara itokapo mtutuni, sawasawa na embe lililoponyoka mtini. Ikiwa mwendo wake ni mita 800 kwa sekunde, nayo hewa ikaachwa nje ya hesabu, hufika kwa sekunde moja na robo, ikiwa imeshuka mita 7 na sentimita 66. Mwendo ukipungua kwa mita 10 tu, hushuka kiasi cha sentimita 20 zaidi. Na hewa ikitiwa hesabuni, tofauti hiyo huzidi. Sentimita 20 zatosha kumkosesha mtu kikombe.

Je, kitu kisichoonekana kikipita kitapimwaje mwendo? Mwingereza Benjamin Robins, bingwa wa hesabu, alitoa jibu katika kitabu chake cha mwaka 1742. Alining'iniza ubao mnene uliokazwa kwenye bamba la chuma, ukawa kama bembea ya watoto, na chini yake akafunga utepe. Risasi ilipokwama ubaoni, ubao ulirudi nyuma ukauvuta utepe, na urefu uliovutwa ukamwonyesha umbali ubao uliokwenda. Tuseme bembea yote ina uzito wa risasi 499. Risasi ya mita 500 kwa sekunde ikiingia humo, vyote pamoja huondoka kwa mwendo wa mita 1 tu kwa sekunde na kupanda sentimita 5 hivi, jambo ambalo hata seremala aweza kulipima kwa rula yake. Robins alipoisogeza bembea mbali zaidi, aligundua kwamba risasi hupunguzwa mwendo na hewa kupita walivyodhani wataalamu wengi. Kitabu hicho kilimvutia sana Leonhard Euler, naye akakifasiri kwa Kijerumani mwaka 1745 na kukiongezea maelezo marefu.

Katika karne ya 19 ofisa wa mizinga wa Ubelgiji, Le Boulengé, alitumia umeme. Risasi ilikata waya wa kwanza, fimbo iliyoshikwa na sumaku ya umeme ikaanza kuanguka. Ilipokata waya wa pili, fimbo nyingine ilianguka na kufyatua kisu kilichoitia alama ile ya kwanza. Mahali pa alama palionyesha muda.

Siku hizi vipo vyombo vyenye macho mawili ya kuona kivuli cha risasi. Hapo ndipo makosa hujificha. Macho yakiwa mita 1 mbalimbali, kosa la sentimita 1 katika nafasi hiyo huleta kosa la mita 8 kwa kila 800. Mawingu na taa zinazopepesa huyababaisha. Kadhalika chombo huwekwa mita chache mbele ya mtutu, kisiyumbishwe na mshindo wa baruti, kwa hiyo mwendo uliopotea njiani sharti urudishwe kwenye hesabu. Vyombo vifungwavyo mtutuni huepuka tatizo la mwanga, lakini uzito wake waweza kubadili mahali risasi inapopiga. Rada ndogo ya mezani haigusi bunduki. Huifuata risasi ikienda na kukadiria mwendo wake wa mwanzo.

Aaminiye risasi tatu hujidanganya, maana hata risasi za kasha moja hazilingani mwendo. Walengaji wenye subira hupima kumi au zaidi, huandika joto la siku hiyo, kisha huhakikisha hesabu yao kwenye kibao cha mbali.