SI BAHARI ILEVYAYO, NI MOSHI



Kila msimu wa wageni twasikia maneno yale yale kutoka kwa wenye vyombo. Kijana wetu wa Dabaso ametoka alfajiri na mashua ya kuvulia, mzima, hana neno. Saa nane anarudi kichwa chamuuma, kigegezi kimemshika, miguu haimchukui. Tajiri anamtazama, asema: "Huyu si baharia, amelevywa na bahari." Au asema alikunywa tembo usiku. Basi siku yake yakatwa, na kesho mahali pake pana mtu mwingine.

Sisi twauliza. Mtoto aliyekulia kando ya hori la Mida, bahari imeanza lini kumlevya? Tena siku ya shwari? Na kwa nini aliye omo, ambako chombo hupiga zaidi, ni mzima, na anayeugua ni yule wa tezi, karibu na bomba la moshi?

Jibu lajulikana. Mashine yoyote ichomayo petroli au dizeli hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Petroli huzidi, lakini dizeli nayo si salama. Haina rangi wala harufu. Ule moshi unaounusa ni mwenziwe tu. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikabeba sumu badala ya uhai. Kwanza kichwa, kisha kizunguzungu na kutapika, kisha usingizi. Wengine hawaamki.

Wenye vyombo hutuambia, "Baharini upepo tele, moshi utakaa wapi?" Hayo ni maneno ya mtu asiyekaa tezi. Chombo kikienda mbele, upepo huzunguka nyuma ukaurudisha moshi ndani. Ukivua polepole na upepo uko nyuma, moshi wakufuata. Ukishusha turubai za ubavuni kwa ajili ya rasharasha, umeufungia ndani pamoja nawe.

Tena kuna ngazi. Wageni wanaogelea katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, mashine yaachwa ikinguruma, na kijana wetu ameinama tezini kushika ngazi, uso wake juu ya bomba. Huko Marekani, katika ziwa Powell, mwaka 2000 watoto wawili ndugu walikufa wakiogelea nyuma ya boti, kwa moshi wa jenereta. Walipochunguza wakakuta watu zaidi ya mia moja walidhuriwa na hewa hii ziwani humo tangu 1990. Na baadhi yao walikuwa peupe, si chumbani. Mashine na izimwe kabla mtu hajagusa ngazi! Petroli itakayopotea kwa kuiwasha tena ni ya senti ngapi?

Na mlinzi wa usiku, ambaye hakuna amkumbukaye? Masika yanapiga, amejifungia ndani ya chombo na seredani ya makaa. Wengi wetu hudhani kaa likishakuwa jekundu na moshi umekwisha, hatari imekwisha. Sivyo. Kaa jekundu ndilo linaloua kimya. Seredani isiingie chumbani, hata mvua iwe ya namna gani. Tajiri atoe blanketi na koti la mvua.

Mwenzenu akiugua, zimeni mashine, mtoeni penye upepo, msimwache alale, apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne au tano kutoa nusu tu ya sumu. Kwa hiyo nahodha anayesema "pumzika kidogo urudi kazini" amrudisha mtu kwenye sumu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yampa mwajiri jukumu la kufanya mahali pa kazi pawe salama, tena yamkataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia hatari. Hatuombi sadaka. Twataka bomba lililotoboka libadilishwe, na kila chombo chenye chumba kiwe na kengele ya kunusa hewa hii, yenye betri nzima. Pesa za redio ya muziki wa wageni zilipatikana.

Mwanachama aliyekatwa siku kwa ugonjwa huu amletee katibu tarehe, jina la chombo, na mahali alipokuwa amesimama.