Wiki ya sita, tumulike macho pia

Na Halima Wekesa

Mama wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, akishajifungua, tarehe anayoishika kichwani ni ya wiki ya sita. Siku hiyo mtoto huchomwa sindano, hupewa matone ya polio, hupimwa uzani, na muuguzi huandika kwenye kijitabu cha kliniki. Hata asiye na nauli atambeba mwanawe, apite vichochoro vya mabati na mitaro, akapange foleni. Nataka siku hiyo iongezewe jambo moja: macho ya mtoto yamulikwe kwa makini, kila mtoto, bila kusubiri mama alalamike.

Sababu yangu inatoka mbali. Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walianza kusikiliza seli mojamoja za ubongo wa paka, kwenye sehemu ya kisogoni inayopokea habari za macho. Walimwonyesha paka madoa, seli zikanyamaza. Siku moja, walipokuwa wakibadilisha kioo kwenye mashine ya kuonyeshea madoa hayo, kivuli cha ukingo wake kikapita mbele ya paka na seli moja ikaanza kutoa milio mfululizo. Kilichoiamsha kilikuwa mstari ulioinama kwa pembe fulani. Jicho hupokea mwanga. Ubongo ndio unaounga mistari kama huo hadi uso wa mama ukatambulika.

Wawili hao walitunukiwa Nobel mwaka 1981, pamoja na Roger Sperry. Kwangu mimi, kazi yao inayotuhusu zaidi ni ile waliyochapisha mwaka 1963. Walifunga jicho moja la mtoto wa paka katika miezi yake ya kwanza, kisha wakalifungua. Jicho lilikuwa zima, lakini ubongoni karibu seli zote ziliitikia jicho la pili tu. Paka mkubwa alipofungwa jicho, hakupata hasara hiyo. Baadaye waliona kwamba kwa paka wa wiki nne au tano, siku chache tu zinatosha kuharibu. Si kazi rahisi kuisoma, lakini imeokoa macho ya watoto wengi.

Mkazi wa Reuben ataielewa upesi. Chumba kwenye ploti hakikai kitupu. Ukipotea bila kulipa kodi, utakuta mwingine ametundika pazia lake. Jicho lisilotumika utotoni hupoteza nafasi yake ubongoni vivyo hivyo, na jirani yake, lile jicho zima, ndilo linalohamia.

Kwa hiyo mtoto anayezaliwa na ukungu kwenye mboni, ule tunaouita mtoto wa jicho, hana muda. Ukiwa kwenye jicho moja, upasuaji unatakiwa karibu na wiki hiyohiyo ya sita. Ukiwa kwenye yote mawili, nafasi ni kubwa kidogo, lakini bado tunahesabu wiki. Akipelekwa akiwa darasa la kwanza, daktari ataondoa ukungu, jicho litakuwa safi, na bado mtoto hataona vizuri, kwa sababu ubongo haukupata kujifunza. Mboni nyeupe inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho, ambayo huweza kuua. Na makengeza yanayodumu baada ya mwezi wa nne yasiachwe kwa matumaini kwamba atayaacha akikua. Tiba yake mara nyingi ni miwani, na kufunika jicho zuri saa kadhaa kwa siku ili lililo dhaifu lifanye kazi. Hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo.

Mtoto mwenye jicho moja zima anakimbiza mpira na kukwepa bodaboda kama wenzake. Hawezi kusema haoni, kwa kuwa hajui kuona kwingine. Mzazi anayetoka alfajiri kutafuta kibarua kwenye malango ya viwanda vya Enterprise Road, akarudi giza limeingia, atajuaje? Simlaumu hata kidogo.

Tena wazazi wetu wakielezwa, huenda. Kule Trans Nzoia, Dkt Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, na wenzake akiwemo Andrew Bastawrous, walifanya utafiti katika shule 50 zenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule, walimu walipima macho kwa simu, na wazazi wakapata ujumbe wa simu pamoja na picha ya jinsi mtoto wao anavyoona. Shule nyingine zilitumia kadi ya kawaida na barua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kati ya watoto waliotakiwa kwenda, waliofika hospitalini ni asilimia 54 upande wa simu, na 22 upande wa barua.

Wale walikuwa watoto wa shule. Wachanga wetu wanahitaji kuwahiwa zaidi, na watu wa kuwawahi tunao. Wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa Septemba 2023 wakiwa na mizani, mashine ya presha na simu. Chumba cha mabati kina giza hata mchana. Ndani yake mboni nyeupe yaweza kuonekana kwa tochi ya simu.

Naiomba idara ya afya ya Kaunti ya Nairobi ianze na wadi ya Kwa Reuben. Muuguzi amulike wiki ya sita na kuandika alichokiona. Mhamasishaji arudie kumulika nyumbani. Mboni ikiwa nyeupe, mama asipewe karatasi tu. Muuguzi apige simu hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu, apate nafasi ndani ya wiki hiyo, na mhamasishaji amsindikize mama, nauli ikiwa imelipwa, hadi kwa daktari wa macho.