Wanawake Wachoraji Hawakujichora kwa Majivuno

Limezoeleka dai miongoni mwa wajuzi wa sanaa wa kibwanyenye, na kwa bahati mbaya limewaambukiza hata watu wenye nia njema, kwamba mwanamke mchoraji hupenda kuchora uso wake kwa sababu mwanamke na kioo hawaachani. Mwanamume akijichora, husemwa kuwa anaitafakari nafsi ya binadamu. Mwanamke akifanya vivyo hivyo, husemwa kuwa anajipenda. Dai hilo halina msingi. Anayetaka kujua kwa nini wanawake wa Ulaya walijichora hana budi kuuliza kwanza walinyimwa nini.

Walinyimwa nyenzo za kazi. Kwa karne kadhaa, picha zilizopewa heshima kubwa kuliko zote katika Ulaya zilikuwa zile za matukio ya historia na ya dini, zenye miili mingi ya watu. Kazi hiyo haikuwezekana bila kujifunza umbo la mwili kwa kumtazama mtu aliye uchi, na katika darasa hilo wanawake walifungiwa mlango kwa kisingizio cha adabu. Aliyefungiwa darasa alibaki na mtu mmoja tu wa kumchora bila ruhusa wala malipo, naye ni yeye mwenyewe mbele ya kioo.

Ushahidi wa jambo hili umetundikwa na watawala wenyewe. Chuo cha Kifalme cha Sanaa kilipoanzishwa London mwaka 1768, miongoni mwa waasisi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Miaka michache baadaye Johan Zoffany aliwachora wanachama wa chuo hicho wakiwa darasani, pamoja na wanaume walio tayari kuchorwa uchi. Wanachama wanaume wameketi na kusimama, wakiongea kwa raha. Kauffman na Moser hawamo chumbani. Wamo ukutani, nyuso mbili ndani ya fremu, kama mapambo ya sebule. Waasisi kamili wamegeuzwa kuwa vitu vya kutazamwa! Baada yao hakuna mwanamke aliyechaguliwa tena kuwa mwanachama kamili hadi Laura Knight mwaka 1936. Huyu Knight, alipokuwa mwanafunzi Nottingham, alizuiwa kuchora watu hai walio uchi, akaambulia sanamu za plasta. Mwaka 1913 alijichora akiwa kazini, burashi mkononi, akimchora mwanamke aliye uchi mbele yake. Chuo cha Kifalme kilikataa kuionyesha picha hiyo. Kiliielewa vizuri.

Katika Ufaransa kizuizi kiliandikwa kwa tarakimu. Chuo cha Kifalme cha Paris kiliweka mpaka wa wanawake wanne tu, na Adélaïde Labille-Guiard, binti wa mwenye duka, alipokelewa mwaka 1783. Miaka miwili baadaye alionyesha hadharani picha yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, akiwa ameketi na burashi na ubao wa rangi, na nyuma yake wamesimama wanafunzi wake wawili, wote wanawake. Wapo wanaoisifu picha hiyo kwa hariri ya gauni lake, na kweli hariri hiyo imechorwa kwa ustadi. Lakini maana yake imo katika hesabu. Mwalimu mmoja na wanafunzi wawili ni watatu, na nafasi zilizoruhusiwa zilikuwa nne kwa nchi nzima. Mapinduzi yalipozuka, mwaka 1790, mama huyo alisimama katika mkutano wa chuo akitaka mpaka huo ufutwe. Ni jambo la kusikitisha kwamba mapinduzi yaliyotangaza usawa hayakumtimizia haja hiyo: Shule ya Sanaa ya Paris iliwapokea wanawake mwaka 1897.

Palipokosekana kizuizi cha sheria, palikuwa na wizi wa jina. Judith Leyster wa Haarlem, Uholanzi, aliingia katika chama cha mafundi wachoraji mwaka 1633, akawa na karakana yake. Katika picha aliyojichora yapata mwaka 1630 ameegemea kiti, midomo imefunguka kana kwamba anaongea na mteja, na fungu la burashi limo mkononi. Alipofariki, kazi zake ziliuzwa kwa jina la Frans Hals, na hadi mwaka 1893 ndipo alama yake, herufi zake pamoja na nyota, ilipogunduliwa chini ya sahihi ya uongo.

Ukweli usemwe wote, hata hivyo. Wengi wa wanawake hawa hawakutoka katika tabaka la chini. Catharina van Hemessen, aliyejichora akiwa kazini mwaka 1548 na kuandika kwenye picha jina lake na umri wake wa miaka 20, alikuwa binti wa mchoraji. Karakana ya baba ndiyo iliyokuwa shule. Binti wa mkulima hakuwa na rangi wala kioo. Lakini kuwa binti wa fundi hakukuwa kinga. Artemisia Gentileschi, naye binti wa mchoraji, alibakwa na mchoraji Agostino Tassi, na kesi ilipofika mahakamani Roma mwaka 1612, ni yeye, mdhulumiwa, aliyekazwa kamba vidoleni ili ithibitike kwamba anasema kweli. Vidole vya mchoraji! Miaka zaidi ya 25 baadaye alijichora kama Uchoraji wenyewe, ambao desturi ya Ulaya iliupa umbo la mwanamke. Mkono umenyooshwa juu na burashi, na macho hayamtazami mtu, yanatazama kazi.

Katika karne ya 20 kioo kilifika mahali pengine. Käthe Kollwitz wa Berlin, mke wa daktari wa mtaa wa wafanyakazi, alijichora kwa takriban miaka 50, akionyesha uchovu uleule aliouchora kwa akina mama wa tabaka hilo. Mwaka 1919 alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chuo cha Sanaa cha Prussia, na mwaka 1933 mafashisti walimlazimisha kujiuzulu.

Frida Kahlo wa Meksiko alivunjika mifupa katika ajali ya basi mwaka 1925, na kioo kilifungwa juu ya kitanda chake ili aweze kuchora akiwa amelala. Mwaka 1932, akiwa Marekani, alijichora amesimama kwenye mpaka, upande mmoja mimea ya Meksiko yenye mizizi, upande wa pili moshi wa viwanda vya Ford. Hiyo ndiyo picha ambayo wafanyabiashara hawaihitaji. Mwaka 2021 picha yake nyingine ya kujichora, ya mwaka 1949, iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 35, na uso wake umepigwa chapa kwenye vikombe na mikoba. Alipofariki mwaka 1954, jeneza lake liliwekwa katika Jumba la Sanaa la jiji la Meksiko na kufunikwa bendera nyekundu yenye nyundo na mundu. Mkurugenzi aliyehusika na jumba hilo alifukuzwa kazi kwa sababu ya bendera hiyo.