Simu ya Biharusi na Mnara wa Huko Aendako

Dada zetu, mama zetu na maharusi watarajiwa, ni sisi wenzenu mafundi wa kike wa Muyama, wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu, huku milimani Kigoma. Tunashona magauni ya ndoa, mabaibui na nguo za sanduku, na katika maharusi tunaowapima kila msimu wapo wanaotoka kwenu visiwani kuja kuolewa huku bara. Leo hatuzungumzii lesi wala shela. Tunazungumzia kitu ambacho siku hizi hakikosekani kwenye orodha ya mahari: simu mpya ya tachi.

Rai yetu tunaitoa mapema. Biharusi asikubali simu kabla hajajua mtandao gani unashika kwenye nyumba anayokwenda kuishi. Hakuna haja ya kuuliza unashika Kigoma mjini au Kasulu stendi. Ulizia nyumba ile, chumba kile, na jikoni atakakokuwa anapika. Simu ya milioni moja isiyoshika mtandao ni kamera na tochi, basi.

Tunajua mtaambiwa, "Huko kuna mnara, tumeuona kwa macho." Mnara una mwenyewe, dada zetu. Mnara mmoja unaweza kubeba kampuni mbili tatu, na mwingine unabeba kampuni moja peke yake. Ukiwa na laini ya kampuni nyingine, utauangalia mnara huo kila asubuhi ukifagia uwanja na simu yako haina hata kijiti kimoja. Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini, na kila kampuni ilipewa maeneo yake. Hilo ni jambo la kheri, tunashukuru. Lakini ndiyo sababu vijiji viwili vinavyotazamana bondeni vinaweza kuwa na mitandao tofauti, na ndiyo sababu jibu la "mtandao upo" halitoshi. Mtandao wa nani?

Swali la pili: upo wa aina gani? Kuna 2G, ambao unapiga simu, unatuma meseji na unatuma pesa. Watu wengi wanasahau hilo la pesa. M-Pesa na wenzake, ukipiga zile namba za nyota na reli, zinafanya kazi kwenye kitochi cha elfu ishirini na kwenye mtandao wa 2G, bila intaneti yoyote. Kuna 3G, na kuna 4G ambao ndio unaotoa picha haraka na video isiyokwamakwama. Sasa mtu ananunua simu iliyoandikwa 5G kwenye boksi, anaileta mahali penye 2G. Simu itashuka mpaka 2G na kukaa hapo hapo, iwe imenunuliwa kwa bei gani. Hakuna simu inayotengeneza mtandao. Inapokea tu unachotoa mnara.

Na milima ina mambo yake. Mawimbi ya masafa ya chini husafiri mbali na hupenya vizuri zaidi, yale ya masafa ya juu huchoka mapema na kilima huyazuia. Ndiyo maana mtu wa juu mgongoni anaongea na video, na shoga yake wa bondeni, hatua chache chini kwenye migomba, anatuma meseji moja inazunguka mpaka chai inapoa. Nyinyi wa Unguja mliozoea nchi tambarare hili huwashangaza sana mkija huku.

Namna ya kujua ni rahisi, na haihitaji mtaalamu. Muulize wifi yako. Usimuulize bwana harusi. Yeye atajibu kwa mapenzi, tena yuko dukani Kasulu mchana kutwa. Wifi ndiye anayekaa nyumbani, ndiye anayejua kwamba laini fulani inashika ukisimama mlangoni na laini fulani mpaka upande kwenye mwembe. Akikwambia jina la mtandao, hapo ndipo simu inatafutwa.

Tena si kila simu inakubali kila laini. Hapa tukae kidogo, maana ndipo maharusi wanapoumia. Zipo simu za bei nafuu zinazouzwa na kampuni zenyewe za mitandao, na zinakubali laini ya kampuni hiyo tu. Zipo za mkataba kutoka Marekani na kwingineko, zimefungwa loki ya kampuni ya huko, na ukiweka laini ya Tanzania inakuomba namba ya siri usiyonayo. Zipo za mkopo zinazojifunga ukichelewa kulipa, na biharusi anapewa zawadi bila kujua bado inadaiwa. Kwa hiyo kabla ya kupokea, tia laini ya mtandao mmoja, piga. Itoe, tia ya mtandao mwingine, piga. Dakika tano tu. Ukiona aibu kuijaribu mbele ya mleta zawadi, mpe kaka yako akajaribu nje. Halafu bonyeza *#06#, itatoka namba ya utambulisho wa simu, itume kwa meseji kwenda 15090 ujue kama ni halali. Simu bandia zilizimwa nchi nzima Juni 2016, na bado wapo wanaouziana vichochoroni.

Kuna hili jipya linalotoka Ghuba. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wana mkono mwepesi, Allah awazidishie, na harusi ikikaribia wanatuma iPhone. iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, la mwaka 2022, hazina kitundu cha kuwekea kadi ya laini. Toleo la 17 limefanywa hivyo hivyo kwa masoko ya Oman, Emirati, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Laini yake ni ya kidijitali, inaingizwa kwa intaneti, na kampuni yako lazima iwe inatoa laini za namna hiyo. Mtu wa mjini atakwenda ofisi ya mtandao wake na kitambulisho chake, atahudumiwa. Mtu wa kijijini atapanda gari, na akifika anaweza kuambiwa mtandao ule unaoshika kwao hautoi.

Tulimshonea biharusi mmoja kutoka Unguja yaliyomkuta hayo. Kaka yake alimletea simu nzuri mno kutoka Muscat, tukaipokezana kuitazama. Alipofika kwa mumewe haikuwa na pa kuweka laini. Miezi ya mwanzo ya ndoa, ile ambayo msichana anamhitaji mama yake kuliko wakati wowote, alikuwa akisubiri mumewe arudi alasiri aazime kitochi chake, apande mgongo wa kilima kuzungumza na mama dakika kumi. Na kwa mama huko ng'ambo ya bahari, watu wanasema mwanawe amejivuna tangu aolewe, hapokei simu. Ndoa ina mitihani yake ya kutosha. Huu ulikuwa wa kuepukika kwa swali moja.

Tuingie kwenye ibada, kwani simu siku hizi ndiyo saa ya nyumba. Wilaya yetu inapakana na Burundi. Waliokaa karibu na mpaka, Manyovu na vijiji vya upande ule, na hata wa Mabamba kule Kibondo, wanajua kwamba simu isipoona mnara wa kwetu inaweza kunasa wa Burundi. Kwanza hapo salio linakwenda kwa bei ya nje ya nchi. Pili, Burundi wako nyuma yetu saa moja, na simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe hufuata saa ya mnara iliounasa. Sasa fikiria Ramadhani. Umeweka kengele ya daku saa kumi na nusu. Simu imerudi nyuma saa moja usiku ukiwa umelala. Kengele italia saa kumi na moja na nusu kwa saa zetu, alfajiri iko mlangoni au imeshaingia. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya simu, uchague mtandao wako kwa mkono, uzime huduma ya kutumia mtandao wa nje ya nchi, na saa uipange mwenyewe.

Na programu za adhana nazo. Simu ikinunuliwa Darajani au Kariakoo, fundi wa dukani anaipangia Zanzibar au Dar es Salaam. Biharusi anakuja nayo huku, hana intaneti, programu inabaki na mji ule ule. Sisi tuko magharibi mwa nchi, jua kwetu linazama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama kwenu. Adhana ya Magharibi ya Zanzibar inalia kwenye simu na huku jua bado linaonekana juu ya milima. Anayefuata simu atafungua saumu mchana. Badilisha mji mapema uandike Kasulu au Kigoma, ukiwa bado mahali penye mtandao mzuri, na ikishindikana sikiliza muadhini, au tazama jua kama walivyotazama bibi zetu.

Katika kazi yetu tumejifunza kuishi na mtandao uliopo. Zamani wateja wa mbali walitaka tupimane kwa video, sura inaganda, namba zinasikika nusu. Sasa tunaomba vipimo kwa meseji ya kawaida: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Meseji inafika hata kwenye kijiti kimoja, na inabaki pale kama ushahidi siku mteja akisema hakutuma hivyo. Picha za mitindo tunafungua baada ya swala ya alfajiri, watu wengi wakiwa bado hawajaingia mtandaoni. Saa mbili usiku usijisumbue.

Linalotuuma ni bando. Tunanunua la wiki, mnara unazimika siku mbili au tatu, ukirudi muda wa bando umebaki kidogo au umekwisha, na kilichobaki ndani kimekufa. Tumepiga namba 100 ya huduma kwa wateja, tumeambiwa pole. Hatusemi ni kampuni gani, maana tunaamini si moja. Tunachosema ni kwamba mwanamke aliyelipia siku saba apewe siku saba za mtandao. Muuza kitambaa akikukatia mita nne kwa bei ya mita saba unamrudia dukani kwake. TCRA na baraza la watumiaji wa mawasiliano wapo kwa ajili ya malalamiko ya namna hii, na sisi wanawake wa biashara ndogo tuyapeleke.

Sasa nini kiandikwe kwenye mahari? Mahari ni haki ya biharusi, na yeye ndiye wa kuulizwa anataka nini. Tunaona shangazi na marafiki wanamtajia simu kwa sababu fulani naye alipewa, na picha iende kwenye magrupu. Kwa anayekuja kuishi vijijini huku, ushauri wetu ni simu ya bei ya kati yenye laini mbili na betri kubwa, laini moja ya mtandao unaoshika nyumbani kwake, nyingine ya mtandao wa mama yake. Tofauti ya bei kati ya hiyo na ile ya kifahari inanunua cherehani, au majora ya kitambaa ya kuanzia. Tunasema hivyo kwa sababu ya kazi yetu? Huenda. Lakini cherehani ya kukanyaga haiulizi mnara uko wapi.

Namba yako ya zamani usiitupe. Tangu Machi 2017 Tanzania unaweza kuhama mtandao ukabaki na namba ile ile waliyonayo mama na wateja wako. Kabla ya kuhama toa kwanza pesa zote kwenye akaunti yako ya simu. Na kama mume au kaka yuko Dubai, jueni kwamba kupigiana kwa WhatsApp kumezuiwa kule kwa miaka mingi. Sauti za kurekodi zinakwenda, ni nyepesi, na unaweza kuzisikiliza tena akiwa mbali.

Kama simu imeshanunuliwa na haifai, iuze ukiwa bado mjini, Darajani au Kariakoo, kabla ya kupanda gari la kuja huku. Ukifika nayo Kasulu utapewa nusu ya bei, na anayeinunua naye atakuwa anaipeleka mjini.