Mpira wa vyuo Marekani: Soko lamtaka kijana wetu, mlango waikataa pasipoti yake

Jumamosi ya Aprili 5, 2025, mambo mawili yalitokea Marekani kwa siku moja. Jijini San Antonio, Texas, Chuo Kikuu cha Duke kiliingia uwanjani kupambana na Houston katika nusu fainali ya mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo. Chini ya kikapu cha Duke alisimama kijana wa miaka 18 kutoka Sudan Kusini, Khaman Maluach. Huko Washington, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kufutwa kwa viza zote za watu wenye pasipoti ya Sudan Kusini, na kwamba mpya hazitatolewa. Utekelezaji, alisema, ni mara moja.

Duke ilipoteza mchezo kwa pointi 70 kwa 67, ingawa katika kipindi cha pili iliwahi kuongoza kwa pointi 14. Houston nayo ilifungwa na Florida 65 kwa 63 katika fainali ya Jumatatu, Aprili 7. Kwa mashabiki, habari iliishia hapo. Kwa watu ambao riziki yao iko mpakani, hapo ndipo penye jambo la kutazama. Kijana aliyekuwa akitafutwa na vyuo vikubwa vya Marekani aliamka na kipaji kilekile na urefu uleule, lakini hati iliyo mfukoni mwake haikuwa tena na thamani ya jana yake.

Ugomvi ulioanzia uwanja wa ndege wa Juba

Chanzo cha zuio hilo hakikuwa mpira. Siku chache kabla, Marekani ilimsafirisha hadi Juba mtu mmoja iliyemhesabu kuwa raia wa Sudan Kusini. Maofisa wa uwanja wa ndege walimkataa, wakasema ni raia wa Kongo aliyekuwa na hati ya mtu mwingine. Washington ikajibu kwamba ubalozi wa Sudan Kusini nchini Marekani ndio uliomthibitisha. Aprili 8 serikali ya Juba ilikubali kumpokea, ikisema inafanya hivyo kwa ajili ya uhusiano mwema, lakini kukubali huko hakukuliondoa zuio papo hapo.

Kwa wasomaji wa ukanda huu, jambo kubwa zaidi limo ndani ya ugomvi wenyewe. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Hapa kulikuwa na swali la mtu mmoja ni raia wa nani kati ya nchi mbili za Jumuiya moja, na nchi hizo hazikuwa na njia ya haraka ya kulijibu. Swali likabaki hewani, nchi ya tatu ikalijibu yenyewe, na adhabu ikawaangukia wanafunzi, wagonjwa na wafanyabiashara ambao hawakuhusika.

Anayepitisha mzigo Elegu, Mpondwe au Rusumo haihitaji somo hili. Lori moja likikutwa na magendo, foleni yote iliyo nyuma yake hufunguliwa turubai. Karatasi mbaya ya mmoja hupandisha gharama ya kila mtu.

Soko lenyewe lina ukubwa gani

Ili kuelewa kilichokuwa hatarini, ni lazima kuitazama biashara iliyo nyuma ya mashindano haya, ambayo Wamarekani huyaita March Madness. Yalianza mwaka 1939 yakiwa na timu 8. Leo huzishirikisha timu 68, kila moja ya chuo, kwa mtindo wa mtoano: ukifungwa mara moja, unarudi nyumbani. Timu 31 za mwaka 2025 ziliingia kwa kuwa mabingwa wa ligi zao, na nyingine 37 zilichaguliwa na kamati. Katika muda wa wiki tatu huchezwa mechi 67 kumpata bingwa mmoja.

Haki za kuonyesha mashindano hayo kwenye televisheni ziko mikononi mwa CBS na Turner. Nyongeza ya mkataba wao iliyotiwa saini mwaka 2016, inayohusu miaka 2025 hadi 2032, ina thamani ya dola bilioni 8.8, yaani wastani wa dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Fedha hizo hupokewa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na sehemu yake hugawiwa ligi kulingana na mafanikio ya timu zao. Timu ikicheza mchezo mmoja zaidi, ligi yake huhesabiwa fungu jingine, na fungu hilo hulipwa kwa awamu kwa miaka 6. Ndiyo maana chuo kidogo kikiushinda mkubwa, wahasibu nao hushangilia.

Kwa miongo mingi mchezaji hakupata kitu katika fungu hilo zaidi ya ada, chakula na malazi. Hali ilibadilika Julai 2021, wachezaji waliporuhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao katika matangazo. Juni 6, 2025, mahakama ya California iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa mwaka wa masomo 2025/26, kila chuo kinaweza kutumia hadi takriban dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake wote.

Bidhaa ipo, kibali cha kuuza hakipo

Hapo ndipo mchezaji wa kigeni anapokwama. Wengi wao huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, inayojulikana kama F-1. Viza hiyo humruhusu mtu kusoma, na kufanya kazi za ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje ya chuo bila idhini inaweza kumpotezea haki ya kukaa nchini. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo, kijana wa Texas anaweza kusaini mkataba wa tangazo la viatu asubuhi, na mwenzake wa Kampala au Lubumbashi, mwenye pointi nyingi zaidi, akaogopa hata kupigwa picha akiwa ameshika chupa ya soda.

Mfano unaojulikana ni wa Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiwa Kentucky, alitwaa tuzo kuu za mchezaji bora wa vyuo Marekani. Machi mwaka huohuo aliifungia timu yake pointi 30 katika mchezo wa kwanza wa mtoano, lakini Kentucky ikang'olewa na Saint Peter's, chuo kidogo cha New Jersey, kwa pointi 85 kwa 79 katika muda wa nyongeza. Jina lake lilikuwa mali, ila hakuweza kuliuza ndani ya Marekani. Timu iliposafiri kwenda Bahamas Agosti 2022, alizitumia siku hizo kutimiza kazi za matangazo akiwa nje ya mpaka wa Marekani.

Hakuna mfanyabiashara wa mpakani asiyeielewa hesabu hiyo. Mzigo ni uleule na mwenye mzigo ni yuleyule; kinachobadilika ni ng'ambo ya mto anakofungulia mzigo wake. Lakini njia hiyo ina hatari moja: mwenye viza iliyofutwa hathubutu kutoka, maana akitoka hana uhakika wa kurudi. Zuio la Aprili lingemkuta Tshiebwe akiwa na pasipoti ya Juba, safari ya Bahamas isingewezekana.

Hapa pana tofauti ambayo wazazi wengi huichanganya. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Haki ya kukaa ni jambo jingine, nayo humlinda mwanafunzi aliye ndani maadamu anasoma na hajavunja masharti. Ndiyo sababu mtu aliye ndani mara nyingi anaweza kuendelea na masomo viza yake ikiwa imefutwa, huku aliyerudi nyumbani kwa msiba akikwama. Maluach alibaki, na Juni 25 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaelekea Phoenix Suns. Yeye amevuka. Swali ni walio nyuma yake.

Njia hupitia kwa jirani

Ukizifuatilia safari za vijana hawa, utaona kwamba mpaka wa kwanza waliouvuka haukuwa wa Marekani. Maluach alizaliwa Rumbek, akakulia Kawempe, Kampala, katika familia iliyokimbia vita. Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006, humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kusoma. Kutoka Kampala alikwenda chuo cha NBA huko Saly, Senegal, na katika Ligi ya Kikapu ya Afrika aliwahi kuzichezea Cobra Sport ya Juba na City Oilers ya Kampala. Akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye kikosi cha Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris 2024, chini ya shirikisho linaloongozwa na Luol Deng. Deng mwenyewe, mzaliwa wa Wau, aliichezea Duke na kufika nusu fainali ya vyuo mwaka 2004, nayo ilichezwa San Antonio.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia njia inayofanana na hiyo. Alipata nafasi ya shule Kenya kabla ya kuvuka kwenda Marekani. Mwaka 2009 alifika nusu fainali ya vyuo na UConn, kisha akachaguliwa wa 2 katika uteuzi wa NBA.

Maana yake ni kwamba kipaji cha ukanda huu hukuzwa na mipaka iliyo wazi. Mtoto wa Rumbek angekataliwa Uganda, Duke isingemjua. Mtanzania angekosa dawati Kenya, huenda asingeonekana. Ushirikiano wa Afrika Mashariki umeweza kumtoa kijana kijijini hadi jijini kwa jirani. Bado haujaweza kumkingia kifua anapofika kwenye dirisha la ubalozi wa nchi kubwa.

Na dirisha hilo linazidi kuwa finyu. Juni 9, 2025, amri ya Rais Donald Trump ilianza kutumika. Somalia, mwanachama wa Jumuiya tangu 2024, iko katika orodha ya nchi zilizofungiwa kabisa. Burundi iko katika orodha ya zuio la sehemu, linalogusa viza za matembezi, biashara na masomo, ikiwemo F. Sababu iliyotolewa kwa Burundi ni idadi ya watu wanaopitiliza muda wa viza. Amri haikufuta viza zilizokuwa zimekwisha kutolewa, na imewapa nafuu wanamichezo wanaokwenda Kombe la Dunia, Olimpiki na mashindano makubwa yatakayotajwa na Waziri wa Mambo ya Nje. Ligi ya vyuo haikutajwa. Kijana wa Bujumbura mwenye barua ya udhamini mkononi ana timu inayomsubiri na hana mlango.

Kazi iliyobaki Arusha

Jumuiya haiwezi kuiamuru Washington. Inachoweza ni kusafisha nyumba yake. Pasipoti ya Afrika Mashariki ina jina la Jumuiya kwenye jalada, lakini hutolewa na nchi na hubeba uraia wa nchi hiyo. Ya Juba ikizuiwa, jalada halisaidii. Kinachokosekana ni utaratibu wa nchi wanachama kuulizana kwa saa chache, si kwa wiki: mtu huyu ni wenu au ni wetu? Kuaminiana kwa hati kunawezekana. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na cheti rahisi cha asili ya bidhaa humwezesha mchuuzi kupitisha mzigo usiozidi dola 2,000 bila kusumbuliwa na makaratasi mazito. Kama Jumuiya imeweza kukubaliana juu ya asili ya gunia la maharage, haina udhuru wa kushindwa kukubaliana juu ya asili ya mtu.

Msimu mpya wa vyuo huanza Novemba. Kati ya sasa na wakati huo familia nyingi zitauza ng'ombe, zitakopa kwenye vikundi na kulipa mawakala ili mtoto afike chuoni kwa wakati. Kabla ya kutoa fedha hizo, ni busara kuuliza mambo matatu: majina katika cheti cha kuzaliwa, cha shule na pasipoti yanalingana? Nchi ya pasipoti iko katika orodha gani leo? Na wakala anayeahidi viza ana uwezo gani ambao mawaziri wa nchi nane hawana? Urefu wa mtoto na ustadi wake huonekana uwanjani. Afisa wa viza hatauona. Yeye atasoma karatasi.